Sekunde Nne za Mfagiaji

Kitendawili. Ukimkata hatoki damu, ukimfagia hapungui, na ndoo yake haimwagiki. Nani huyo? Fikiri vizuri, usikimbilie kusema kivuli. Kivuli hakibebi ndoo. Umeshindwa? Basi nipe mji. Ahsante, nimeupokea. Katika mji huo kuna chuo kidogo cha ufundi, na chuoni kuna chumba cha kompyuta, na mwanamke anayekifagia chumba hicho kila siku saa kumi alasiri ndiye jibu lenyewe.

Alikuwa mama wa makamo, mfupi, shingo imekomaa kwa kubeba. Miaka tisa alikuwa kibarua hapo. Alifagia wakati somo likiendelea, kwa sababu ratiba yake na ratiba ya darasa zilipangwa na watu wawili wasiosalimiana. Basi wanafunzi waliinua miguu, yeye akapita, wakaishusha.

Somo lenyewe lilikuwa kuhariri video, kwa wanaoanza. Mwalimu alikuwa kijana mpole, wakamwita Mwalimu Buruta, maana hakumaliza sentensi bila neno hilo. Buruta video uilaze kwenye mstari. Buruta mkasi mpaka hapa. Buruta kiti, mzee, ukae. Wanafunzi wake kumi na wawili walikuwa watu wazima wenye kazi zao: fundi cherehani, kinyozi, mpiga picha za pasipoti, muuza simu na wengine wa namna hiyo. Siku ya kwanza aliwaambia wafute kipande walichokikata, kinyozi akatoa leso akakifuta kioo cha kompyuta mpaka kikang'aa. Mwalimu akamwambia sivyo, ila ahsante.

Programu waliyoitumia ilikuwa toleo la bure. Toleo la kulipia lilikuwa na pipa la taka humo ndani. La bure halikuwa nalo, kwa hiyo kila kilichokatwa kilidondoka sakafuni. Vilidondoka viti vitupu, vikadondoka vikohozi, na siku moja kikadondoka kipande cha mbwa, kikabweka nusu kikanyamaza. Mfagiaji alivizoa vyote kama mabaki ya vitambaa chini ya cherehani. Alilalamika mara moja tu, kwamba vikohozi vinanata.

Video ya mazoezi ilikuwa moja kwa wote, ya mahafali ya mwaka uliopita. Mkuu wa chuo amesimama jukwaani, tai imemkaba, anawaambia wageni kwamba chuo sasa kina maji ya bomba yanayotiririka yenyewe, asubuhi na jioni. Hapo hapo, nyuma yake, mfagiaji anakatiza kutoka kushoto kwenda kulia, ndoo kichwani. Sekunde nne. Mwalimu Buruta akatoa zoezi: kata kisichohitajika. Wanafunzi wote kumi na wawili, kila mtu kwenye kiti chake, bila kuchunguliana, wakamkata mfagiaji.

Jioni ile alijikuta sakafuni mara kumi na mbili. Vipande vilikuwa vyepesi kama shuka lililoanikwa. Kila alichokikung'uta vumbi kilisimama, kikajiweka sawa na ndoo yake, kikaanza kutembea kuelekea kulia. Hakuona sababu ya kuwatupa. Alikwenda nao nyumbani akiwageuza kila kona kama mtu anayeswaga bata, maana upande wa kushoto hawakuujua.

Mumewe, dereva mstaafu, aliwasogezea viti. Hawakukaa. Siku ya tatu alikuwa ameshawazoea kiasi cha kuwatuma chumvi, na kwa kuwa chumvi ilikuwa kushoto, alikula chakula kisicho na chumvi bila kinyongo. Jambo moja tu lilimnyima raha.

"Mke wangu, humo ndani ya ndoo mna nini? Kila nikitaka kuchungulia, wameshapita."

"Ungekuja mahafali ungejua," akamjibu, na kumgeuza mmoja aliyekuwa anaingia kabatini.

Ndipo likaja neno. Daftari la mahudhurio la wafanyakazi lilikuwa limeliwa na mchwa, kuanzia jalada hadi mstari wa mwisho. Bodi ya chuo ikakaa, ikaamua kwamba itachaguliwa video moja safi kutoka darasa la Mwalimu Buruta, na kila mfanyakazi atakayeonekana humo atapewa barua ya ajira ya kudumu. Asiyeonekana, kazi yake itakoma mwisho wa mwezi. Tangazo likabandikwa mlangoni, na mfagiaji ndiye aliyelibandika, kwa sababu ngazi ilikuwa yake.

Miaka tisa si mchezo. Akamwendea fundi cherehani, aliyekaa karibu na mlango na ambaye walikuwa wakisalimiana kwa majina ya watoto wao. Akamwomba aianze video yake upya, na safari hii zile sekunde nne aziache.

"Dada, mimi nikukate wewe?" fundi akasema, na alimaanisha.

Lakini mkono wa fundi cherehani ukiona uzi unaning'inia haungoji ruhusa. Alipofika kwenye maneno ya mkuu, mkasi ulikuwa umeshapita. Kipande cha kumi na tatu kikadondoka miguuni pa mwenyewe, na fundi akashika mdomo.

"Nisamehe, dada. Unaning'inia. Ukitoka wewe, maneno ya mkuu yanakaa vizuri mno."

Wiki iliyofuata Mwalimu Buruta alifundisha kutendua, yaani kurudisha ulichokiharibu. Mfagiaji alisikiliza somo zima ameegemea fagio, kisha akauliza kama na yeye anaweza kutenduliwa. Mwalimu alimweleza kwa upole kwamba toleo la bure hutendua hatua moja tu ya nyuma, na yeye alikatwa hatua nyingi nyuma. Mfagiaji akashukuru, akaendelea na chini ya meza.

Siku ya bodi ilichaguliwa video ya fundi cherehani kwa usafi wake. Wajumbe walikaa, mapazia yakashushwa. Ilipofika kwenye maji ya bomba, kichwa cha mkuu kwenye video kiliruka kidogo, kama mtu aliyeshikwa na kwikwi. Mwenyekiti wa bodi, mama mwenye miwani mizito, akauliza hapo palikuwa na nini. Mkuu akasema hapakuwa na kitu.

Mlango ukafunguliwa. Wakaingia wafagiaji kumi na watatu, mmoja nyuma ya mwingine, kushoto kwenda kulia, ndoo kichwani, na wa kumi na nne nyuma yao, mwenyewe, mikono mitupu. Wajumbe wakakunja miguu kuwapisha. Mjumbe mmoja akasoma kanuni: imeandikwa aonekane ndani ya video, na hawa wako mbele ya video. Mwingine akaongeza kwamba barua ni moja kwa mtu mmoja, na hapa mtu mwenyewe ni umati, apewe yupi? Katibu akayaandika yote mawili. Barua zikagawiwa. Mlinzi alipata, kwa kuwa alionekana vizuri kabisa, amelala. Mbwa alikosa kwa kura moja. Mfagiaji hakuwamo kwenye orodha, na hakuna aliyebisha, kwa kuwa kanuni ilikuwa imesomwa kwa sauti.

Kikao kilipokwisha, wakatoka barazani kunawa wapate chai. Mwenyekiti alijipaka sabuni mpaka viwiko, akafungua bomba. Bomba likakohoa, likatoa pumzi ndefu, basi. Akafungua la pili, nalo likapumua. Mkuu akaeleza kwamba hiyo ni hewa tu, inatangulia. Wakaingoja imalize kutangulia. Wafagiaji kumi na watatu wakapita barazani, wakagota ukutani, mwenyewe akawageuza, wakapita tena.

Mwenyekiti aliwatazama, povu linamkaukia mikononi.

"Mama," akamwita mfagiaji, "humo ndani ya ndoo mna nini?"

Mkuu akawahi kusema chai inapoa. Mfagiaji akamshika bega mmoja wa wale kumi na watatu, akamtua ndoo taratibu, akaiweka miguuni pa mwenyekiti.

"Maji ya bomba, mama," akasema. "Nilikuwa nayapeleka bombani."