Tajiri Aliyekufa Mara Tatu

Darasani walimwita Redio, na jina lenyewe lilikuwa kejeli tupu, kama mtu mrefu kuitwa Kifupi. Binti yule alikuwa haongei. Si kwamba hajui, la hasha! Kijerumani cha kuandika alikiandika mpaka wenzake wakapanga foleni kunakili daftari lake. Lakini muulize kwa mdomo, hata habari za asubuhi tu, utamwona anaanza kuipanga sentensi kichwani, anaikagua mbele na nyuma, anabadilisha kitenzi, na akija kuwa tayari wewe ulishahamia kwa mtu wa tatu. Mama yake alikuwa fundi cherehani aliyemlea kwa kumwambia kwamba kitambaa kikishakatwa hakirudi, na mtoto akayabeba maneno hayo hadi mahali pasipo na mkasi wala kitambaa.

Mtihani wa kuzungumza alikuwa ameshafeli mara mbili. Wa tatu ndio wa mwisho, akianguka tena anafunga virago, na miaka mitatu ya chuo ndiyo imekwenda na maji. Mwaka ule Dokta, mwalimu wao, mama mmoja mwenye miwani ya kuning'inia shingoni na asiyejua kubembeleza mtu, aliamua darasa zima liigize mchezo kwa Kijerumani mbele ya watu, kisha kila mmoja aingie ofisini wazungumze naye dakika kumi. Redio aliposikia dakika kumi, akaanza kuipanga sentensi ya kwanza pale pale.

Mchezo wenyewe ulikuwa wa kuchekesha. Tajiri bahili anajifanya amekufa ili aone nani atamlilia. Tajiri alikuwa kijana waliyemwita Balozi, aliyekiongea Kijerumani kama alikinyonya na maziwa. Mpwa wake mwenye tamaa alikuwa Kasuku, ambaye hakuelewa nusu ya aliyoyasema, ila kurasa thelathini zilikuwa kichwani mwake bila kupungua nukta. Redio yeye alikimbilia kuwa mtumishi wa mlangoni, kwa sababu mtumishi ana sentensi tatu tu. Mlango ukigongwa, mpwa anauliza, "Nani tena huyo?" naye anajibu kwanza, "Ni daktari, bwana," halafu mara ya pili, "Ni wakili, bwana," na mwisho, "Ni polisi, bwana." Basi, kazi imekwisha. Alizisema akifua, akazisema akipiga pasi, mpaka mama yake, asiyejua neno hata moja la Kijerumani, akawa anaziitikia kutoka kwenye cherehani.

Siku ikawadia, alasiri, ukumbi umejaa hadi madirishani. Mama alikaa safu ya pili na gauni jipya, akiwaonyesha majirani wa kiti kwamba koti la maiti lile kalishona yeye. Dokta alikaa mbele, karatasi mapajani, kalamu nyekundu mkononi. Alishawaambia kwamba leo hanong'onezewi mtu, atakayesahau na asahau.

Mwanzo mambo yalikwenda kama siagi. Tajiri akalala kitandani akafa. Mlango ukagongwa, Redio akasema ni daktari, daktari akaja akathibitisha kifo, mashangazi wawili wakalia kilio cha kubomoa ukuta. Mlango ukagongwa tena. Kasuku akauliza ni nani, Redio akajibu kwa sauti safi kwamba ni wakili. Hapo Kasuku, badala ya maneno ya wakili, akaporomosha yale ya kumkaribisha daktari!

Daktari alikuwa pembeni ameshavua viatu. Lakini alikuwa mwanafunzi mtiifu, na kusikia maneno ya kumwita yanasemwa, akaingia pekupeku. Akampima tajiri, akatangaza kifo. Mashangazi wakatazamana, wangefanyaje? Wakalia upya, tena safari hii kwa bidii zaidi. Watu wakaanza kucheka. Balozi, mtu pekee pale jukwaani ambaye angeweza kuwaokoa, alikuwa maiti, na kwa maiti kitu pekee alichoweza kufanya ni kuchezesha vidole vya miguu.

Mlango ukagongwa. Redio akasema ni wakili, akalivuta neno la wakili kama mpira. Wapi! Kasuku macho yalikuwa yameganda, jasho linamtiririka, na mdomo wake ukashika njia ile ile. Daktari huyo tena. Tajiri akafa mara ya tatu. Shangazi mmoja alishindwa kulia, akaangua kicheko kwenye leso. Nyuma ya pazia wakili wa watu alikuwa anagonga kama anayedai nyumba yake.

Redio alisimama na sinia mkononi. Sentensi yake ilikuwa safi, haina kosa, na haikumsaidia mtu yeyote. Akiisema tena, tajiri atakufa mpaka kesho asubuhi. Hakupanga kitu. Alifungua mdomo, na yaliyotoka yalimshtua yeye kwanza.

"Daktari hapana!" akasema kwa Kijerumani kilichopinda. "Daktari amekuja mara tatu. Bwana amekufa mara tatu. Watu wote wanakufa mara moja na wanatosheka."

Ukumbi ukapasuka. Waliojua lugha walicheka, na wasiojua wakacheka kwa sababu ya wale. Kasuku alibaki mdomo wazi, kwa kuwa ukurasa huu hakufundishwa. Redio akamshika mkono, akamkalisha kitini na kumwambia huzuni imemchosha. Akamfukuza daktari akavae viatu, wagonjwa walio hai wanamngoja. Balozi akafumbua jicho moja, akajiinua apate kuokoa jahazi, Redio akambana kifuani.

"Lala! Maiti hana maneno."

Kisha akamwita wakili aingie kabla hajazeekea mlangoni. Na kumbe ulimi ukishafunguka ni shida kuufunga. Akawasimulia wafiwa jinsi marehemu alivyokuwa bahili, kwamba alikuwa akila amefumba macho ili asione chakula kinavyoisha. Vitenzi vilikaa pasipo pake, maneno ambayo kwa Kijerumani ni ya kike yakawa ya kiume, naye alisikia kila kosa likimpita masikioni na akaliacha liende zake. Alikuwa na raha! Raha ya kizunguzungu, kama mtoto anayeteremka mlima mbio na hawezi kusimama. Akawasukuma wenzake mmoja mmoja hadi polisi akaingia, tajiri akafufuka mahali pake, na mchezo ukaisha huku watu wamesimama juu ya viti.

Ofisini Dokta hakumwambia akae. Karatasi ilikuwa mezani, imejaa wekundu juu hadi chini na pembeni pia.

"Makosa arobaini na moja," alisema. "Baada ya hapo sikuhesabu, nilikuwa nacheka."

Redio akatafuta sakafu kwa macho.

"Dakika kumi zangu umeshazitumia kule jukwaani, na nyingine kumi juu yake. Mtu anayekosea hivi ni mtu anayeongea. Umefaulu, nenda nyumbani, na karatasi yako chukua."

Alitoka hajui anakanyaga wapi. Mama alikuwa anamngoja kwenye korido, kashikilia mkoba kwa mikono miwili. Aliiona karatasi na wekundu wake kabla ya kuuona uso wa mwanawe. Akamvuta kifuani, akaanza kumpa pole, akamwambia chuo si mwisho wa dunia, cherehani ya pili ipo, watashona pamoja.

Redio alikuwa anacheka hadi machozi, ameegemea ukuta, na mama akazidi kumpapasa mgongo akidhani ni kilio.

"Mama, nimefaulu," alisema alipopata pumzi, akaikunjua karatasi mbele yake. "Na haya makosa, tazama, yote ni yangu. Hakuna hata moja nililokariri."