Tumbo la Mzee Gunga

Hakuna mtu msumbufu kama mwanafunzi wa kidato cha pili aliyeelewa somo moja. Siku mwalimu Jared alipotufundisha kwamba nishati haiumbwi wala haiangamizwi, hubadilika tu hali, na kwamba maada nayo ni vivyo hivyo, nilikwenda mbio nyumbani kwetu Mji wa Kale kutafuta wa kumfundisha. Ilikuwa Ramadhani ya mwaka wa tisini na sita, jua la kaskazi linatupika, na wa kwanza kunasa mikononi mwangu alikuwa Bibi, mamake baba.

Bibi aliniamuru nimuombe Mungu msamaha papo hapo. Alitaka kujua huyo Jared ni nani hata aseme kuna kitu hakikuumbwa. Nikajitetea kwamba mwalimu anamkusudia binadamu: binadamu hawezi kujitengenezea nguvu kutoka pasipo kitu, na asiyekula hana atakapoitoa. Hapo Bibi akanyamaza. Bibi si mtu wa kunyamaza, lakini mimi nilidhani nimemshinda, nikaenda zangu nikiwa nimevimba kichwa.

Wiki hiyo hiyo Mama akagundua kwamba chakula kinapungua jikoni. Mama alikaanga sambusa, akaenda kuswali alasiri, akarudi akakuta sahani imepwaya. Viazi vya karai navyo vilipungua, na uji pia. Nyumba nzima ilikuwa imefunga isipokuwa Kadzo, aliyetoka Kaloleni kuja kutufanyia kazi tangu mimi nanyonya. Kadzo ni Mkristo, na mchana alikula ugali wake na mboga ya mchunga bila kujificha. Mama hakutaka ushahidi mwingine. Kikulacho ki nguoni mwako, alisema, na Ijumaa Kadzo afungashe vyake arudi kwao.

Kadzo akajibu, "Sawa, Bi."

Jawabu hilo liliniudhi kuliko wizi wenyewe. Mtu anaitwa mwizi, anasema sawa! Huyu ndiye aliyenibeba mgongoni nilipougua surua, na sasa arudi Kaloleni na jina la mwizi? Niliapa kwamba kanuni za mwalimu Jared zitamwokoa. Kama maada haipotei, basi sambusa zetu zilikuwa mahali fulani, hata kama zimebadilika hali.

Nikaanza uchunguzi. Saa za alasiri nyumba yetu ilitia huruma. Baba alilala mkekani mdomo wazi, Mama hakuwa na sauti ya kugomba, na mimi nilikuwa nikitambaa na baridi ya sakafu. Bibi je? Bibi alikuwa akisugua birika la shaba huku anaimba kasida, akipanda na kushuka ngazi kama ana miaka kumi na minane. Na huyu ni mgonjwa wa sukari. Daktari alikuwa amemkataza kabisa kufunga, naye akatutangazia kwamba daktari ni mtoto wa jana na yeye hajaacha kufunga tangu usichana wake. Basi nguvu ile ilitoka wapi?

Jambo la pili lilikuwa tumbo la Mzee Gunga. Mzee huyu alivuta mkokoteni Makupa mpaka mgongo ukakataa, na sasa alishinda kwenye baraza iliyo chini ya nyumba yetu. Mtaa mzima ulikuwa umekonda kwa saumu, yeye peke yake akanenepa. Kanzu iliyokuwa ikimpwaya mwezi wa Shaabani ilianza kumbana kitovuni. Hewa hainenepeshi mtu.

Alhamisi alasiri nilipanda ngazi miguu mitupu, nikasukuma mlango wa chumba cha Bibi. Alikuwa dirishani akiteremsha kile kikapu cha kamba tunachonunulia mkate wa mofa, ila ndani hamkuwa na pesa. Mlikuwa na sambusa na viazi ndani ya gazeti, na huko chini Mzee Gunga alikuwa ameshainua mikono. Kando ya Bibi palikuwa na bakuli la uji lililonywewa nusu, na dawa zake.

Hakushtuka. Aliniambia nifunge mlango, akamaliza kuteremsha kikapu, ndipo akanieleza. Mgonjwa wa aina yake hana dhambi akila, alisema. Hulisha masikini kila siku, ndiyo fidia yake, na masikini wake ni Mzee Gunga. Kwa Mungu mambo yalikuwa safi. Taabu ilikuwa kwa Bi Rukiya wa nyumba ya pili, dirisha lake likitazamana na hili. Wawili hao walianza kufunga pamoja wakiwa wasichana, na kila usiku baada ya tarawehe walichunguzana ni nani amechoka. Bibi angekubali kufa kuliko kuwa wa kwanza kushindwa.

"Na chakula hukuletea nani?" nikauliza.

"Kadzo. Nimemuomba asimwambie mtu."

Moyo uliniuma hasa. Nikamwambia kwamba Kadzo anafukuzwa kesho kwa wizi wa chakula hicho. Huko juu habari haikuwa imemfikia. Bibi akalisukuma bakuli kando, akageukia ukuta.

Jioni adhana ilipolia, sote tulinyosha mikono kwenye tende isipokuwa yeye. Alimwita Kadzo kutoka jikoni, akamketisha ubavuni mwake.

"Mwizi wenu ni mimi," akamwambia Mama. "Nala mchana tangu mwezi uandame."

Mama alibaki na tende shavuni. Kisha akamuuliza Kadzo kwa nini hakujitetea.

"Aliniomba nisiseme," Kadzo akajibu. "Nami nikamuitikia."

Kisha Bibi akanigeukia. "Mona, mwambie mwalimu wako kanuni yake haijakamilika. Hata aibu haipotei. Mimi niliificha yangu, kumbe imekwenda kumkalia huyu. Sasa nairudisha kwangu."

Nililia ndani ya bakuli la supu yangu ya shurba bila haya. Mama alimshika Kadzo mikono miwili akamtaka radhi, na Kadzo akasema, "Sawa, Bi," kwa sauti ile ile ya siku ile. Mama naye akalia.

Siku ya pili Bibi alikunywa uji wake adhuhuri, dirisha wazi, kijiko kinagonga bakuli mtaa usikie. Mimi nilikaa karibu yake nikimtazama Mzee Gunga huko chini, na kuna kitu kilinikera. Nikamwambia Bibi kwamba hesabu haiingii. Sambusa mbili na viazi vichache haviwezi kujenga tumbo lile. Lazima lina chakula kingine, kutoka mahali pengine.

Bibi alilitazama tumbo. Kisha akainua macho polepole mpaka kwenye dirisha la nyumba ya pili. Kando ya pazia, kwenye msumari, kulikuwa na kamba na kikapu.

"Bi Rukiya," akaita, "uji wako wautia sukari?"

Pazia likatikisika. Kisha sauti ikatoka nyuma yake.

"Natia. Yangu ni presha."