Mzazi/Mdhamini

Pale walipokaa, vyumba sita vinavyotazamana na bomba moja la maji katikati, hakuna aliyepokea karatasi bila kuipeleka kwanza kwa Mama Barua. Ndilo jina walilompa. Aliishia shule ya msingi, lakini aliimaliza kwelikweli: alisoma bila kutembeza kidole, na alijua koma inataka nini. Barua ya hospitali, notisi ya mwenye nyumba, karatasi ya shule, zote zilipita mkononi mwake. Alizisoma mara mbili, ya kwanza kwa macho, ya pili kwa akili, kisha akasema, "Haya, kaa nikwambie wanachotaka."

Kwa hiyo wewe mama unayesoma hapa, na mwanao anangoja kuitwa mafunzo, usijipe moyo kwamba yaliyompata huyu yalimpata kwa kutojua kusoma. Alijua.

Alikuwa na binti mmoja, Sindano. Aliitwa hivyo kwa wembamba wake na kwa macho yake. Ndiye aliyewatungia uzi wanawake wote wa uani pale, tangu akiwa mtoto. Kiwanda cha miwani kilipotangaza kinataka vijana kumi na wawili wenye macho makali na mikono isiyotetemeka, Sindano alikwenda, akapita. Watasomeshwa miezi sita kusaga lenzi, chuo na malazi kwa gharama ya kiwanda, kisha wataajiriwa. Tangazo lilibandikwa mlangoni kwa herufi nyekundu: MAFUNZO KWA UDHAMINI WA KAMPUNI. Akaambiwa aje na mzazi.

Karani wa kiwanda alikuwa mwanamke wa kucha ndefu, mwenye sauti ya mtu anayembembeleza mtoto anywe dawa.

"Karibu mama yangu. Kaa hapa. Ni saini moja tu."

"Nitasoma kwanza," alisema Mama Barua.

"Soma mama, soma. Ni haki yako." Alipomwona anaisogeza karatasi mbali na uso, karani alifungua droo akatoa miwani ya kusomea, mipya, ingali kwenye mfuko wake. "Vaa hii. Zawadi ya kampuni kwa wazazi. Hatutaki mzazi asaini kitu asichokiona."

Aliivaa, na herufi zikasimama wima kama askari. Alisoma kwa sauti, ili Sindano asikie na karani naye ajue amekaa na nani. Alipofika kifungu cha tisa, aliinua kidole. "'Iwapo mfunzwa ataacha kazi kabla ya miezi thelathini na sita, mdhamini atabeba gharama zote za mafunzo.'"

Akakisoma tena, kwa akili. Mdhamini alimjua vizuri sana. Kila wiki redioni alimsikia: mashindano haya yamedhaminiwa na kampuni ya sabuni. Mdhamini ndiye anayenunua jezi na mipira. Na hapa mdhamini alikuwa ameandikwa mlangoni kwa herufi nyekundu. Akatikisa kichwa kwa kuridhika. Watu waungwana hawa.

Chini kabisa palikuwa na mstari wa nukta, na juu yake maneno haya: Saini ya mzazi/mdhamini. Kati ya mzazi na mdhamini palikuwa na kamstari kadogo kalikoinama upande. Mama Barua alikaona kama ukuta wa vyumba viwili. Huku mzazi, kule mdhamini. Basi akaandika jina lake upande wa kushoto, kwa herufi ndogondogo zilizobanana, ili kampuni nayo ipate nafasi ya kutosha upande wa kulia.

"Una mwandiko mzuri, mama yangu," alisema karani, akagonga muhuri.

Miezi sita ikaisha, Sindano akaingia kazini. Chumba cha kusagia kilikuwa na mashine nane, kila moja na mpira wake wa maji unaotiririka juu ya lenzi, na tope jeupe linalochuruzika hadi kwenye viatu. Msimamizi wao waliyemwita Bwana Milimita alikuwa na wimbo mmoja tu: "Milimita! Milimita!" Alipita nyuma ya migongo yao na kipimo chake cha chuma, na aliyemkuta amezidisha au amepunguza, hakumpigia kelele. Alichukua lenzi iliyoharibika, akaitia kwenye fremu, akaweka na nyingine mbovu upande wa pili, akamvalisha aliyekosea.

"Vaa kosa lako," alimwambia. "Hadi kengele ya jioni."

Na mtu aliendelea kusaga hivyo hivyo, dunia imepinda, kidole hakijui mashine iko wapi. Ambaye amevaa kosa hukosea tena, na kesho anavaa la leo. Sindano alivaa mara moja, kisha mara mbili kwa wiki, kisha ikawa kama sare yake. Alirudi nyumbani ameshika ukuta. Alitapika kwenye beseni. Wenzake walicheka, maana asiyecheka alitazamwa.

"Mtazameni Sindano," Milimita aliwaambia. "Leo hata kamba ya meli haitungi kwenye tundu la mlango!"

Mwezi wa kumi na moja wa kazi Sindano alikaa kitandani kwa mama yake asubuhi, viatu mkononi, asivivae.

"Mama, siwezi tena."

"Si umeshazoea, mwanangu?"

"Nakuona wawili, mama. Na nimeivua miwani yao tangu jana jioni."

"Basi acha kazi."

"Nitaachaje? Milimita anasema anayeacha analipa mafunzo yote."

"Milimita kasomea wapi sheria? Niletee lile kopo."

Nakala ilikuwa kwenye kopo la biskuti, pamoja na vyeti vya kliniki. Alivaa miwani ya zawadi, akasoma kifungu cha tisa, akacheka mpaka akashika mbavu. "'Mdhamini atabeba gharama zote.' Mdhamini ni nani?"

"Kampuni."

"Haya, wabebe! Wana magari." Na Sindano naye akacheka, mara ya kwanza baada ya miezi. Akaviweka viatu chini ya kitanda. Hakwenda siku hiyo, wala kesho yake.

Wiki ya tatu ikaja pikipiki na bahasha ya kusainiwa. Wanawake walikuwa bombani. Fundi cherehani, jirani wa mlango kwa mlango, mcheshi kuliko wote, akapaza sauti: "Leo Mama Barua kapata barua yake mwenyewe! Nani atamsomea?"

Wakacheka. Mama Barua alisoma kwa macho. Akasoma kwa akili. Hakumwambia mtu akae amwambie wanachotaka.

Mkurugenzi wa kiwanda alimpokea kwa adabu. Alikuwa akipangusa miwani yake kwa kitambaa laini, polepole, duara kwa duara.

"Mama, gharama ni mishahara ya miezi ishirini na nane ya binti yako. Hatujaweka riba."

"Lakini mdhamini ndiye anayebeba."

"Ndiyo. Ndiyo maana tumekuandikia wewe."

"Mimi mzazi. Tazama, jina langu liko kushoto. Kulia niliwaachia nyinyi nafasi."

Mkurugenzi aliacha kupangusa. "Umetuachia nini?"

"Nafasi ya kusaini."

Akamwita karani. "Njoo, njoo usikie. Mama ametuachia nafasi!" Walicheka wote wawili, karani ameziba mdomo kwa kucha zake, mkurugenzi ikambidi apanguse macho kwa kile kitambaa cha miwani. Mama Barua alisimama akingoja wamalize, kama anayengoja mvua ipite.

"Mama," alisema mkurugenzi, "huo mkwaju, huo mstari wa katikati, maana yake ni mtu yule yule. Mzazi ndiye mdhamini. Kampuni haina haja ya kusaini, ina muhuri."

"Mlangoni mmeandika udhamini wa kampuni."

"Mlangoni ni tangazo. Hii ni karatasi." Akaisogeza mbele yake. "Ama ulipe, ama binti arudi na tuanze kuhesabu mwezi wa kwanza. Milimita anamuulizia."

Mama Barua akashika ukingo wa meza kwa mikono miwili. "Baba, mnichukue mimi. Nitafagia, nitafua. Yeye mwacheni."

"Wafagiaji tunao. Hebu nisomee hicho kifungu."

Alikisoma. Hata kwa machozi hakukwama popote. Mkurugenzi alimtazama karani, karani akamtazama mkurugenzi.

"Wazazi wanamwogopa huyu," mkurugenzi alisema. "Wanaona kucha, wanataka kwenda kuuliza kwa watu. Wewe unafanana nao. Utakaa kwenye benchi siku za kusaini, uwasomee. Siku nyingine utapanga mafaili. Miezi thelathini na sita bila mshahara, na binti yako hatumgusi."

"Niwaambie uongo?"

Mkurugenzi alikunja uso kama aliyetukanwa. "Hapa hatusemi uongo, mama. Utasoma kilichoandikwa, basi. Ila mzazi akiinuka bila kusaini, inaongezeka miezi mitatu. Na wa tatu akiinuka, tutajua kazi imekushinda, tutamrudia binti."

Nyumbani Sindano alikuwa akikaa dirishani, macho kayafumba nusu. Mtu aliyewatungia uzi wanawake wote wa uani sasa alitungiwa uzi na mama yake, na akijaribu mwenyewe alikosa tundu, akaukata uzi kwa meno.

"Unafanya kazi gani pale, mama?"

"Nasomea watu."

"Kama hapa uani?"

"Kama hapa uani." Majirani aliwaambia tu kwamba Sindano anaumwa macho, na yeye kapata kibarua mjini.

Wa kwanza kuinuka alikuwa mzee fundi baiskeli, kaja na mjukuu. Mama Barua alisoma kifungu cha tisa, akaukanyaga mguu wa mzee chini ya meza, akanong'ona, "Mdhamini ni wewe." Mzee alikunja kofia yake akaondoka na mjukuu bila kuaga. Karani aliandika miezi mitatu kwenye daftari, akatabasamu. Wa pili alikuwa mwanamke mjamzito na mdogo wake wa kike. Safari hii Mama Barua hakusema neno. Lakini alipofika kifungu cha tisa sauti ilimtetemeka, na mwanamke yule hakuwa mjinga. Karani akaandika tena.

"Amebaki mmoja, mama yangu," alisema kwa ile sauti ya dawa. "Jikaze."

Siku ya kusaini iliyofuata alijikaza. Alisoma kama redio inavyosoma hali ya hewa. Tisa wakasaini. Alikuwa akinyoosha karatasi ya kumi aliposikia cheko analolijua, linatoka koridoni na kuingia kabla ya mwenyewe.

"Ah! Mama Barua! Mungu anipe nini tena!" Alikuwa fundi cherehani, katika gauni lake la kutokea, amemshika mkono binti yake wa mwisho. "Mimi njia nzima nakuja natetemeka, watanipa makaratasi yao, nitajua nini mimi? Kumbe mwenzangu yupo! Binti, msalimie mama yako mkubwa."

"Shikamoo, mama mkubwa."

"Marahaba."

Binti alikuwa na vidole vyembamba vilivyotulia juu ya meza. Karani aliacha kuchapa, akaegemea kiti.

"Nisomee, mwenzangu," alisema fundi cherehani. "Kwanza kwa macho, halafu kwa akili, kama kawaida yako."

Alisoma. Kifungu cha kwanza, cha pili, cha tatu. Sauti haikutetemeka. Alipofika cha tisa alikisoma chote, hakuruka hata neno.

"Mdhamini hapo ndiyo nani?" aliuliza fundi cherehani.

Karani alichukua kalamu, akafungua daftari mahali palipowekwa alama.

Mama Barua alimtazama jirani aliyekaa naye mlango kwa mlango miaka kumi na tisa, aliyemshonea Sindano sare ya kwanza ya shule bila kudai kitu. Akaona dirisha, na Sindano dirishani. Akaona viatu chini ya kitanda.

"Umepita mlangoni?" alisema. "Umeona walivyoandika?"

"Udhamini wa kampuni," alisoma binti kutoka kichwani, kwa fahari.

"Basi."

"Aa! Waungwana hawa," alisema fundi cherehani. Akaichukua kalamu, akaiinamia karatasi, akaisogeza mbali, akairudisha karibu. "Nisaini wapi? Sioni vizuri, mwenzangu."

Mama Barua alivua miwani yake akamvalisha, akamwekea vizuri nyuma ya masikio.

"Hapa pana mzazi, hapa pana mdhamini, na kamstari katikati," alisema jirani, sasa akiona kila kitu. "Niandike upande gani?"

"Upande wowote," alisema Mama Barua. "Andika tu, panatosha."

Fundi cherehani aliandika kushoto, kwa herufi ndogondogo zilizobanana.