Besi ya Rebero

Pini za kushonea za Leila zilianza tena kutembea zenyewe kwenye meza aliyowekewa nyumbani kwa Régis. Akazifunika kwa kitambaa ili asizione.

Régis, msanii kijana aliyekulia Bujumbura, alikuwa amemwita amshonee mapazia mazito ya kuziba madirisha ya nyumba aliyopanga hapo juu ya kilima cha Rebero. Vyumbani alikuwa amepanga spika kubwa kama makabati, zikitoa besi, sauti nzito ambayo sikio haliipati. Mwili ndio ulioipata. Ilimkaa mtu kifuani, ikamgonganisha meno, ikamtia woga usio na sababu. Watu walitoka mpaka Kibagabaga, ng'ambo ya mji, kuja kulala sakafuni watetemeshwe. Ukistaajabu ya Musa, utaona ya Firauni.

"Haina shida, dada," Régis alimwambia. "Ni mwili yako tu inasikiliza."

Haina shida kwake. Nyumba ya Leila ilikuwa chini tu ya hiyo, na nyuma ya nyumba ulisimama ukuta wa mawe unaozuia udongo wa kilima. Ndani ya nyumba hiyo alilala baba yake, mzee Usumani, fundi aliyemfundisha cherehani. Sasa alikuwa kiziwi na miguu imemfia. Ukimtaka, unakanyaga sakafu kwa kishindo. Anakisikia kupitia kitanda, anageuka.

Na kati ya majirani wote, ni yeye pekee aliyeipenda hiyo besi. Miaka yote hiyo ya ukimya, halafu kitu kikaja kumgusa! Aliweka kiganja ukutani, akatabasamu kama mtoto. "Leila, kitanda inaimba," alisema.

Ukuta wa mawe ulipopata ufa, majirani wote walisema ni besi. Jumamosi ya umuganda, siku ya kazi ya pamoja ya mtaa, walipanda na majembe wazibue mtaro wa maji juu ya ukuta, lakini wakaishia mlangoni kwa Régis wakigombana naye mpaka muda wa kazi ukaisha. Leila, ingawa alikuwa akimshonea, ndiye aliyepiga kelele kuliko wote. Mtaro ulibaki umejaa udongo, na kila mtu akarudi nyumbani akijiona ameshinda.

Leo mvua ilikuwa haijakatika tangu asubuhi. Leila alipofunua kitambaa, pini zilikuwa zimefika ukingoni mwa meza. Moja ikaanguka.

"Régis! Zima hiyo kitu, nakuomba. Leo imezidi!"

Régis alitokea na waya mkononi, uso umempauka. "Nimeshazima, dada. Tangu mvua imeanza. Niliogopa maji itaingia kwa mashini."

Leila akaweka kiganja mezani. Bado ilitetemeka. Pini nyingine ikaanguka.

Leila hakuchukua hata viatu. Aliteremka ngazi za matope akishika nyasi, akimwita Mungu kwa majina yote anayoyajua. Maji mekundu yalikuwa yakichuruzika kutoka katikati ya mawe. Alisukuma mlango, akakanyaga sakafu kwa nguvu zake zote.

Mzee hakugeuka. Akakanyaga tena, kisigino kikamuuma. Sakafu nzima ilikuwa ikitetemeka. Kishindo chake kilipotea humo kama tone mtoni. Usumani alikuwa amelala ubavu, ameuelekea ukuta, kiganja kimetulia juu yake.

"Leo imepiga vizuri," alisema bila kumwona mtu.

Leila alimshika kwapani akamvuta. Mzee akashtuka, akang'ang'ania kitanda, akamfokea mwanawe kwamba anamnyima starehe yake moja. Leila alimburuta hivyo hivyo na blanketi lake, akilia, mpaka uani, mpaka langoni. Hapo nyuma yao kilima kikaingia ndani ya nyumba, na pale palipokuwa na kitanda pakawa na mawe na udongo.

Leila akaanguka juu ya baba yake, akamkumbatia. Alimshukuru Mungu kwa sauti. Mvua iliwapiga. Juu, Régis alikuwa akipiga ukelele kuita majirani.

Usumani hakutazama nyumba. Alitandaza kiganja kwenye matope, akakiacha hapo akisikiliza, na safari hii hakutabasamu.

"Leila," alisema. "Bado inapiga."