Mkaguzi Aliyeshukia Ufukweni

Bonifasia alikuwa na mdomo, na hakuna aliyelijua hilo kuliko yeye mwenyewe. Kwao Mpepai, kwenye miteremko ya kahawa na mahindi, mama yake alikuwa akisema mtoto huyu alianza kuongea kabla ya kutambaa. Ugonjwa ulipompata, baada ya kumzika mumewe, ulipitia mdomoni humohumo: alisema bila kupumzika, akasema na migomba, akawasema majirani mpaka kaka yake Nicholaus akaishiwa nguvu. Akapelekwa hospitali, dawa zikamkubali, akili ikatulia. Hapo Nicholaus akamshusha ziwani, kwenye makazi ya watu wazima wasio na wa kuwatunza, akaahidi kumfuata baada ya mavuno. Mavuno yakapita, na mengine yakapita.

Ilikuwa miaka ile Serikali ilipolegeza kamba. Watu binafsi waliruhusiwa kununua kahawa, kufungua zahanati, na kwa kibali maalumu hata kutunza wagonjwa wa akili. Chama kimoja cha hisani kilijenga makazi hayo kusini mwa Mbamba Bay, ukielekea Chiwanda, kikamweka Bwana Joakim awe msimamizi. Joakim hakuwa mkatili, alikuwa mwoga. Aliogopa mtu atazama ziwani, au atapotea, au atampiga mwenzake, na kibali kifutwe. Basi akafunga lango. Akakataza ngoma, akakataza kwenda sokoni, akakataza mgonjwa kushika hata kisu cha kumenyea muhogo.

Humo ndani ndimo Bonifasia alimokutana na Gaudence, Mnyasa wa Chiwanda, fundi wa nyavu, mtu aliyeweza kukaa asubuhi nzima bila kutoa neno. Yeye naye alikuwa ameugua na kupona. Bonifasia aliongea, Gaudence akasikiliza, na siku moja Bonifasia aliponyamaza kwa sababu ya mafua, Gaudence akasema, "Mbona leo pamekuwa kimya? Sipendi." Kwa maneno hayo tu, Bonifasia akajua kwamba amepata mume.

Walikwenda pamoja kumwambia Joakim. Joakim alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Wagonjwa hawaoani," akasema.

"Nani kasema?" Bonifasia akauliza.

"Ndivyo ilivyo."

Masika yalipokolea, habari ikaja kwa simu ya upepo kutoka Mbinga: mkaguzi wa Serikali atafika Alhamisi kwa gari. Makazi yakapinduka. Mawe yakapakwa chokaa. Mablanketi mapya yakatolewa stoo, na waliobaki na sauti nzuri wakafundishwa wimbo wa kumpokea mgeni. Asubuhi ya Alhamisi Joakim akamwita mlinzi, mzee Jonas, akamnong'oneza. Mara Bonifasia, Gaudence na bibi mmoja aitwaye Ottilia, aliyekuwa na tabia ya kuimba kwa sauti kuu muda wowote apendao, wakakabidhiwa majembe.

"Mtapalilia muhogo kule ng'ambo ya mawe, karibu na maji," Joakim akawaambia. "Msirudi mpaka mwitwe."

"Kwenye mvua hii?" akauliza Bonifasia.

"Ni manyunyu tu."

Wakaenda. Jonas aliwaonea huruma, akawawashia moto chini ya mwamba uliojitokeza kama paa, akatoa unga na usipa, dagaa wa ziwani, aliokuwa amejifungashia. Walikuwa wameanza kusonga ugali wa muhogo waliposikia injini ziwani. Boti ilikuwa ikitafuta mahali pa kutua, maana mbele ya makazi mawimbi yalikuwa makali. Ikasogea mpaka pale walipo, ikamshusha mwanamke mnene aliyeshika viatu mkono mmoja na mkoba mkono wa pili, sketi imeloa hadi magotini.

"Hodi jamani!" mwanamke akaita, akicheka. "Barabara ya mlimani imekatika. Nimelala Mbamba Bay, na nusura leo nilale ndani ya ziwa!"

"Karibu, mama, sogea motoni," akasema Bonifasia, akimpokea mkoba. Alimtazama, akamwona ni mtu mwenye afya na mikono ya kazi, akajua mara moja kwamba ndiye mpishi mpya waliyeahidiwa tangu Krismasi. "Bora umekuja. Aliyepo anapika maharage kama anaadhibu mtu."

Mwanamke akaketi, akanawa, akamega ugali pamoja nao. Alisema anaitwa Devotha, kwao Bukoba. Akatoa mkobani buni zilizochemshwa na kukaushwa, akawagawia watafune. Bonifasia akashangaa.

"Kwetu kahawa tunaiuza. Kumbe inatafunwa?"

"Kwetu mgeni hakaribishwi bila hiyo. Lakini niambieni, kwa nini mnapalilia kwenye mvua?"

"Hatupalilii," akasema Bonifasia. "Tumefichwa."

Jonas akakohoa. Bonifasia hakumsikia, au alimsikia akampuuza.

"Mmefichwa nani asiwaone?"

"Mkaguzi wa Serikali. Anakuja leo kwa gari. Sisi ndio wenye midomo. Huyu Ottilia anaimba, mimi nasema, na huyu Gaudence hasemi, ila anataka kunioa, na hilo ni baya kuliko kusema."

Devotha alitafuna polepole. "Na huyo mkaguzi mngempata, mngemwambia nini?"

Bonifasia hakuhitaji kuombwa tena. Akasema juu ya lango linalofungwa mchana kutwa, na jinsi Ottilia, mke wa katekista wa zamani, alivyokosa misa Jumapili hadi Jumapili ilhali kanisa linaonekana dirishani. Akasema kwamba Joakim huamka usiku hata wakati wa baridi kuwafunika blanketi walio wagonjwa sana, wala hajawahi kumpiga mtu, na hilo pia mkaguzi alijue. "Lakini anatuchunga kama mayai," akasema. "Nasi si mayai. Mimi nimelima ngoro, mashimo yetu ya mlimani, tangu utoto. Leo nakatazwa kisu."

"Na wewe, baba?" Devotha akamgeukia Gaudence.

Gaudence akafikiri kwanza. "Nyumba ya marehemu mama yangu ipo Chiwanda," akasema. "Inataka mtu wa kuongea ndani yake."

Hayo ndiyo maneno marefu kuliko yote ambayo Bonifasia aliwahi kuyasikia kinywani mwake mbele ya mgeni, na machozi yakamlengalenga.

Devotha akajifuta mikono. "Basi nimekwishaambiwa," akasema. "Mimi ndiye mkaguzi."

Jonas akaangusha kijiko. Bonifasia akaziba mdomo kwa mikono yote miwili, jambo ambalo halijawahi kutokea. Kisha Ottilia akapasuka kicheko, Devotha naye akacheka mpaka akashikilia mwamba, na hofu yote ikaishia hapo.

Kule langoni Joakim alikuwa amefunga tai, amewapanga wakazi mistari miwili, macho barabarani. Mkaguzi akamtokea kwa nyuma, miguu ina matope, amemshika Bonifasia mkono kama dada yake. Wanakwaya walipomwona wakaanza kuimba wakiwa wamempa mgongo Joakim, naye akabaki akizungukazunguka akitafuta gari.

"Mama... ulipitia wapi?"

"Shambani kwenu," akasema Devotha. "Nimepokewa vizuri sana. Nimekula."

Joakim akawa kama aliyenyang'anywa mifupa. Lakini Devotha hakumgombeza mbele ya watu. Alikagua dawa, jiko na vitanda, akaongea na kila mkazi faragha, kisha akakaa barazani na Joakim, na Bonifasia akapata kazi ya ghafla ya kufagia karibu na baraza.

"Sikuja kukunyang'anya kibali," Devotha alikuwa akisema. "Dawa zipo, watu ni wasafi, hakuna mwenye alama ya fimbo. Lakini haya ni makazi, Bwana Joakim, si rumande. Mchana lango liwe wazi. Anayetaka misa aende, anayetaka soko aende, anayehitaji mtu wa kumsindikiza apewe. Daktari wa wilaya aje kuwaona wote, na aliyepona asizuiwe kuondoka."

"Akizama mtu?"

"Ndiyo maana wapo wavuvi wa kuwafundisha kuogelea."

"Na hawa wawili?"

"Akishaongea nao daktari, waachie padri. Sheria sijaiona inayowakataza. Wewe umeiona wapi?"

Joakim akakiri kwamba hajaiona popote. Akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyetuliwa mzigo.

Daktari akaja, akawaona wote. Aliwakuta Gaudence na Bonifasia wazima wa akili, akawasisitizia wasiache dawa wala kliniki. Padri naye akawauliza kama wanaelewa ndoa ni nini. Bonifasia akaeleza kwa urefu mpaka padri akamwomba aishie hapo.

Harusi ikawa baada ya Pasaka. Nicholaus alishuka kutoka Mpepai na mkungu wa ndizi begani, akasimama mbali kwa aibu. Bonifasia alimfuata, akamsema mbele za watu kwa yale mavuno yote yaliyopita, neno kwa neno, kisha akamkumbatia na kumwambia aende akae mbele, kwenye kiti cha kaka.

Siku hiyohiyo Devotha alikuja tena bila kutoa taarifa, safari hii kwa lori la chumvi. Alikuta lango wazi na makazi matupu. Hata Jonas hayupo. Akaliendea kanisa mbio, akaingia akihema. Bonifasia, akiwa altareni, akageuka na kumwona mlangoni na vumbi lake. "Tupo wote, mama!" akapaza sauti. Kanisa zima likacheka, padri naye.

Mchana wanawake wa Kinyasa walicheza ngoma yao ya kioda, na Ottilia akawaongoza kwa sauti ile iliyofichwa shambani. Joakim alisukumwa katikati. Alicheza vibaya sana, na akarudia.

Bonifasia na Gaudence wakahamia Chiwanda. Bonifasia alipanda miche ya kahawa kando ya nyumba, ingawa kila mtu alimwambia joto la ziwa litaiua, na kweli ikafa. Akapanda mipapai, ikakubali. Jioni Gaudence alishona nyavu kizingitini, mke wake akimsimulia habari za soko tangu mwanzo, na wapita njia wakapunguza mwendo ili nao wasikie.