Sentensi ya Mama

Mama aliandika kitabu kimoja tu maishani, na ndani yake sentensi moja tu ndiyo inayomkosesha baba mdogo usingizi: "Walichukua nyumba, wakaniachia ufunguo."

Waliochukua ni yeye na ndugu zake, mwezi uleule tuliomzika baba. Leo mama naye hayupo, kitabu kimepata sifa, na baba mdogo ndiye mwenyekiti wa maktaba. Eti sasa marehemu alikuwa shemeji kipenzi! Akaniagiza mimi, fundi wa hati, niandike ukurasa mmoja wa kitabu hicho, niuchague mwenyewe, kwa mkono, kwa nakshi na dhahabu, utundikwe ukumbini. Kadi za mwaliko alizisambaza kabla sijachonga hata kalamu.

Alikuja karakanani asubuhi moja kukagua. Maandishi yalikuwa yamekwisha, bado dhahabu na rangi. Akasoma akifuatisha kwa kidole, na katikati ya ukurasa kidole kikakwama kwenye sentensi ile.

"Mwanangu, hapa paondoe. Weka maua tu."

"Maua gani, baba mdogo?"

"Yoyote! Si wewe ndiye fundi?"

Hasira zikanipanda hadi utosini. Ukurasa ule ni wa ngozi ya mbuzi, na wino juu ya ngozi haufutwi, hukwanguliwa kwa kisu. Nikamwekea kisu mezani.

"Kwetu mafundi, kosa hukwanguliwa na aliyelifanya. Haya, kwangua."

Akakishika. Niliogopa, sifichi, maana angeweza. Lakini alikishikilia tu juu ya ngozi. Alijua akitoboa ngozi, wageni wangeuliza palikuwa na nini. Akakirudisha mezani.

"Una kiburi kama mama yako."

"Asante."

Dhahabu nilikuwa nimeipangia herufi kubwa ya kwanza peke yake. Nikaiacha herufi hiyo bila dhahabu. Nikapaka gundi juu ya sentensi ile ya mama, herufi moja moja, yeye akiniangalia. Ilipokauka nikaipulizia pumzi ilainike na kunata, nikalaza dhahabu, nikasugua mpaka ikang'aa. Muda wote huo hakuondoka wala hakuketi. Jasho lilimtiririka utadhani kazi anaifanya yeye.

"Hiyo dhahabu," akauliza mwishowe, sauti imemshuka, "miaka ikipita, si inafifia?"

"Haififii, baba mdogo. Kinachofifia ni wino."