Dalali wa Mwenye Nyumba

"Usinipigie kelele kwenye nyumba ya watu!" Baba akafoka.

"Ya watu? Si sasa hivi umesema ni yetu?"

"Funga domo!"

Sikufunga. Nilikuwa nimetoka bafuni. Nilivuta maji ya choo, kile kitundu cha sakafuni kikacheua. Kweli kabisa, kikacheua kama mtoto aliyeshiba, yakapanda maji meusi yenye vipande ambavyo sivitaji. Nikarudi sebuleni nikasema, jamani, tusinunue hii. Hapo ndipo moto ulipowaka.

"Ni hewa tu kwenye bomba," akasema dalali, yule tunayemwita Marashi kwa sababu harufu yake hutangulia kuingia. "Nyumba ikikaa bila watu huwa hivyo. Au siyo, mzee wangu?"

"Ndivyo, mwanangu."

Mwanangu! Mimi wa damu yake naambiwa nifunge domo, huyu wa juzi ndiye mwana.

Na shangazi yangu ni dalali vilevile. Alijitolea kutusimamia: aikague nyumba, alete fundi wa kufunua mashimo ya maji machafu, abishane bei kwa ajili yetu. Baba akakataa. Eti dalali tayari yupo, wa pili wa nini, tunafungua kwaya? Shangazi akamwambia, "Kaka, huyo kaletwa na muuzaji. Mwamba ngoma huvutia kwake." Baba akacheka. Yeye afundishwe kununua nyumba na dada yake mdogo?

Basi nikamgeukia Marashi. "Bro, wewe uko upande wa nani?"

Akatoa meno yote. "Mimi niko upande wa nyumba."

"Mbona nimekusikia barazani ukiongea na mwenye nyumba kwenye simu? 'Usishushe hata kidogo. Wanatakiwa kuhama mwisho wa mwezi, na mama keshalipenda jiko.' Nani alikwambia hayo?"

Mama alikuwa kwenye mlango wa jikoni anapapasa kabati. Akaondoa mkono kama ameungua.

"Baba watoto, ulimwambia?"

"Nilimwambia, ndiyo. Siri gani? Kijana mstaarabu, kaniuliza vizuri."

"Na akiba yetu? Anajua tunaweza kufika wapi?"

Baba akajifanya anasoma mkataba wa mauzo pale mezani.

Nikadhani Marashi atakana, au angalau ataona haya. Wapi! "Mama, mimi sijamdanganya mtu. Nimeagizwa na mwenye nyumba, yeye ndiye anayenilipa. Mkiniambia jambo, nampelekea. Ndiyo kazi yenyewe." Kasema huku anaifuta kalamu kwa leso, taratibu, halafu akampa Baba kwa mikono miwili, heshima tele. Afadhali angedanganya. Mtu anakuchinja huku anakuamkia!

"Baba, mpigie shangazi," nikasema, sauti imeshuka. "Mara moja tu. Mmejinyima maisha yenu yote kwa ajili ya nyumba. Hela hiyo ikizama humu, hakuna nyingine."

"Nishasema nanunua. Nikigeuka sasa nitaonekana mtu gani?"

Yaani anaogopa kuonekana vibaya mbele ya Marashi. Si mbele ya Mama. Mbele ya Marashi! Akainama akasaini. Kisha akaninyooshea kalamu.

"Na wewe ni mtu mzima sasa, una kitambulisho. Saini hapo, uwe shahidi."

Ilikuwa imelowa jasho lake na inanuka yale manukato. Sikuishika.

"Mimi sisaini uchafu."

"Hamna tabu, mzee wangu," Marashi akadakia. "Fundi rangi yuko uani, yule aliyefunika huu ukuta majuzi. Atashuhudia yeye."

Nikabonyeza ukuta kwa kidole gumba. Ukabonyea, rangi ikapasuka. Chini ya rangi kulikuwa na ute wa kijani, nikaufuta kwenye suruali.

Baba kaona. Wallahi kaona. Akamtazama Marashi, akasema, "Haya, muite."

"Mwanangu, kaa basi," Mama akanong'ona.

Nikatoka, nikafunga mlango.